Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Ceduna,
12 Februari 1978

Kaka Lindsay,

Naomba barua hii ikukute mzima, na ndege ya barua isiitupe kwa jirani kama ile ya Krismasi. Huku sote hatujambo. Nikisema sote nina maana mimi, mbwa na nyuki, maana tangu mume wangu Merv afariki nyumba hii haina mtu mwingine.

Shida yangu ni hao nyuki. Mikaratusi ya huku imekataa kuchanua, huu mwaka wa pili. Mvua hakuna. Nimewalisha maji ya sukari mpaka mwenye duka ananiuliza kama napika pombe. Nimebakiwa na mizinga themanini, na baridi ya mwaka huu ikipita bila maua nitabaki na masanduku matupu ya mbao. Merv alitumia maisha yake kuwakuza. Sina kazi nyingine, kaka, na sitaki nyingine.

Sasa sikiliza. Kule juu Kununurra, kando ya mto Ord, wakulima wa matikiti hawana nyuki wa kutosha. Mmoja wao, Bwana Halloran, ameniandikia kwamba nikiwafikisha kabla ya mwezi wa sita, maua yapo, pa kuweka mizinga papo, na kibanda cha kulala kipo. Nimekwisha amua. Nakwenda.

Tatizo ni njia. Nyuki waliofungiwa wanataka upepo. Lori likitembea wanapoa. Likisimama juani wanajazana mlangoni, wanapandiana na kusongana mpaka wanakufa na asali inawayeyukia. Nilishaona kwa macho yangu. Kwa hiyo kutoka hapa hadi Kununurra hakuna kulala wala kupiga kambi. Mchana na usiku, mchana na usiku, lori linakwenda. Mmoja anaendesha, mwingine analala palepale kitini. Lori la Merv, ile Bedford, linaiweza safari hiyo. Mimi peke yangu siiwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wewe umesafirisha ng'ombe kwenye barabara hiyo tangu ujana wako. Hakuna mwingine ninayeweza kumwachia usukani nami nikafumba macho. Utakuja?

Mdogo wako,
Coralie


Kisima cha Tarleton,
27 Februari 1978

Mdogo wangu Cora,

Nitakuja. Hilo limekwisha, tuendelee na mengine.

Kwanza, usitaje safari hii kwenye redio. Redio yetu ya mashamba ya ng'ombe inasikilizwa na kila mtu mpaka Oodnadatta. Ukipiga chafya jioni, asubuhi unaletewa dawa. Tuandikiane tu. Watu wakijua watatoa maoni, na maoni ya watu wa huku hayana mwisho.

Pili, usizunguke Port Augusta. Shika njia ya vumbi ya Wirrulla, utokee Kingoonya. Ni mbaya lakini fupi. Kutoka hapo njoo kaskazini, utanikuta kando ya barabara kuu kwenye pampu ya mafuta ya Vonnie Kessell. Usizime injini, nitadandia. Na usimpe Vonnie nafasi ya kuzungumza, nyuki watapata wajukuu mkiwa bado mnasalimiana.

Tatu, funga wavu wa mbu mbele ya rejeta. Mbegu za majani zikiingia mle zinaziba, injini inachemka, nawe umesimama juani. Chukua matairi mawili ya akiba. Chukua maji, halafu ongeza maji. Kuna mahali vumbi limelala barabarani laini kama unga, na chini yake kuna shimo la kummeza ndama. Ukitazama unaona uwanja. Mashimo hayo mimi nayajua kama vidonda vyangu. Njia hiyo naweza kuiendesha nimefumba macho.

Nne, zamu. Wewe shika jioni, usiku na alfajiri, ndipo kangaruu wanapovuka, na wewe bado una macho ya ujana. Mimi nitashika jua likishapanda, kwenye zile nyika tupu zilizo baada ya Coober Pedy, na zile nyingine zilizo baada ya Tennant Creek, ambako barabara imenyooka na hakuna cha kugonga. Utalala mchana kama malkia wa nyuki. Usinishukuru.

Mwandiko huu mkubwa ni kosa la kalamu. Imechoka.

Kakako,
Lindsay


Ceduna,
11 Machi 1978

Kaka,

Nunua kalamu. Barua yako ya kurasa tano ingetosha kwenye kadi ya posta, na postamasta wetu ameniuliza kama nina ndugu wa darasa la kwanza.

Wavu nimefunga. Matairi yapo. Nimekaza madumu ya mafuta nyuma ya kebini, na mpira wa kuvuta mafuta, ili tusitegemee vituo vya watu wanaofunga pampu kwenda kutazama mpira. Juu ya mizinga nitatandika magunia mabichi, na kila tukijaza mafuta tutayamwagia maji tena.

Nilijaribu safari ndogo hadi Penong na mizinga michache. Njiani nikasimama kumsalimu mke wa fundi bomba, ambaye ana mume mgonjwa, huwezi kumpita hivi hivi. Alipofika kwenye habari za nyongo ya mume wake, mizinga ilikuwa inanguruma kama mkutano wa walevi. Niliondoka bila kuaga. Nimejifunza: tukishaanza, hatusimami hata kwa nyongo ya mtu.

Tena najizoeza kulala. Usicheke. Kila siku baada ya chakula naingia kwenye Bedford hapa uani, nakaa upande wa abiria, nafumba macho. Mwanzoni sikuweza. Sasa nalala fofofo, kwa sababu najiambia Lindsay yuko usukani.

Kuhusu zamu, umejipa mchana na barabara iliyonyooka, halafu unajifanya muungwana. Haya, mkubwa ni mkubwa.

Mdogo wako,
Coralie


Pampu ya Kessell, barabara kuu,
18 Machi 1978

Shoga yangu Coralie,

Ni mimi Vonnie, niliyelala nawe bweni moja Port Augusta kabla wewe hujaolewa na mimi sijaachika. Pole kwa msiba wa Merv, nilituma kadi.

Naandika kwa sababu ya kaka yako. Mimi na wewe tumezaliwa kwenye barabara hii. Ukikutana na gari, unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hakigharimu kitu. Hata aliyekuibia ng'ombe unamwinulia kidole, halafu ndiyo unakwenda kumshtaki. Sasa Lindsay, tangu mwaka jana, hainui. Ameniacha na kidole changu hewani mara sijui ngapi. Amemwacha Clarrie, dereva wa greda. Amemwacha hata kasisi, na kasisi alikuwa amesimama kando ya gari bovu.

Clarrie anasema mzee amevimba kichwa. Mimi nilimtetea mpaka wiki iliyopita. Alipita hapa polepole, nami nimesimama ukingoni mwa barabara, nikampungia mkono mzima. Alipita akitazama mbele kama askofu. Na huyu ndiye aliyekuwa akila kwangu kila Jumapili na kunitengenezea pampu, hata ikiwa haijaharibika. Jumapili zimekwisha bila neno. Mtu akinichoka aniambie, mimi si mtoto. Lakini kuninyima kidole?

Kama unajua nilichomkosea, niambie.

Na sitakuuliza habari za nyuki. Halloran ana binamu, na binamu ana redio.

Vonnie


Kisima cha Tarleton,
20 Machi 1978

Mdogo wangu,

Mambo madogo tu kabla ndege haijaondoka.

Paka rangi nyeupe kwenye pembe zote mbili za kile chuma cha mbele cha kukinga kangaruu, na funga kitambaa chekundu kila upande wa bodi. Ni ili wengine watuone. Kioo cha ubavuni cha gari langu kimeondoka na nguzo ya geti. Nguzo siku hizi zinasimikwa ovyo.

Nimefikiri tena kuhusu zamu. Nitaanza jua likiwa juu kabisa, likiwa usoni linasumbua. Na ukiwa umelala usishtuke nikienda taratibu, ni kwa ajili ya nyuki.

Umeniuliza siku nyingi habari za Vonnie. Hakuna habari. Jumapili nina kazi.

Lindsay


Ceduna,
1 Aprili 1978

Vonnie,

Barua yako na ya Lindsay zimefika siku moja, nimeziweka pamoja mezani na chai imenipoa mkononi.

Kaka yangu anaandika herufi kubwa kama za kwenye bango la duka. Anataka lori lipakwe rangi nyeupe pembeni. Amegonga nguzo ya geti ambalo baba yetu alilisimika sisi wadogo. Anataka kuendesha mchana tu, mahali ambapo hakuna cha kugonga. Na hakuinulii kidole wewe, ambaye alikuwa akitafuta sababu ya kupita hapo hata akiwa na mafuta tele.

Shoga, sidhani anakudharau. Nadhani hakuoni.

Mchunguze bila kumwaibisha. Ni wewe tu ninayeweza kukuomba, na naogopa jibu lako. Mwezi ujao nilikuwa nilale na yeye ndiye anaendesha.

Coralie


Pampu ya Kessell,
10 Aprili 1978

Shoga,

Jumanne alikuja kuweka mafuta. Nilivaa lile gauni langu la njano, nikasimama kando ya pampu, kimya. Alishuka, akanipa mkono, akasema, "Habari za asubuhi, Clarrie. Vonnie yumo ndani?"

Clarrie ana ndevu zinazofika kifuani. Mimi sina, au bado. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Nikanenepesha sauti, nikasema, "Yumo."

Akanisogelea, akashusha sauti. "Basi niwekee wewe, nisimsumbue. Najua amenikasirikia, na sijui nianzie wapi kumweleza."

Nikaweka mafuta. Nusu yalimwagika. Akaondoka amegeuza shingo upande, anatazama ukingo wa barabara kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Nilikaa juu ya dumu nikalia, na sikulia hivyo hata siku niliyoachika. Mwaka mzima nimemnunia mtu asiyeniona.

Sasa tuseme ya maana. Mimi naendesha lori la maji la wilaya, usiku na mchana, na sijawahi kuliangusha. Ukitaka dereva, dereva ni huyu hapa. Pampu nitaifunga. Wasio na mafuta wajifunze subira.

Lakini mwambie wewe. Ni kaka yako.

Vonnie


Ceduna,
16 Aprili 1978

Kaka Lindsay,

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulitaka kituumbue wawili, na nyuki juu.

Najua kuhusu macho yako. Yule Clarrie uliyesema naye Jumanne pale kwenye pampu alikuwa amevaa gauni la njano, na alikuwa ni Vonnie. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyemtuma, na amelia kwa ajili yako kuliko unavyostahili leo.

Nimekasirika, Lindsay. Ningekuwa hapo ningekupiga na kofia. Nilikuwa najizoeza kulala! Kila siku nilikaa kwenye lori la marehemu mume wangu nikafumba macho na kujiambia kaka yuko usukani, niko salama. Na wewe, huku unaandika habari za mbegu za majani, unajua kwamba huoni mbele ya gari. Lori la mafuta lingekuja kutoka upande wa pili, je? Au watu wamepata pancha katikati ya barabara wanabadilisha tairi? Ungejuaje?

Sasa hivi ndivyo itakavyokuwa. Tunakwenda. Baada ya Kingoonya, usukani ni wa Vonnie na wangu kwa zamu. Wewe utakaa katikati, usilale wakati wowote ninapolala mimi, na utatuambia njia. Usinijibu habari za heshima yako. Nijibu kwamba utakuwepo.

Coralie


Kisima cha Tarleton,
23 Aprili 1978

Coralie,

Ni kweli. Daktari wa Adelaide aliniambia mwaka jana. Katikati ya jicho pamekufa, pembeni bado pazima, na hakuna miwani ya kulitibu. Nikikutazama usoni nitaona kofia yako na masikio yako, na hapo penye uso ni ukungu. Vonnie hakukudanganya. Siku ile nilihisi Clarrie ananukia sabuni nzuri, nikadhani ameoa.

Nilikuwa nimekosea, nakubali. Nilizunguka njia nzima kichwani nikitafuta mahali ambapo siwezi kumuua mtu, na nikajidanganya kwamba nimepapata. Lakini elewa na upande wangu. Huku kwetu mtu asiyeendesha ni mtu aliyekaa barazani kusubiri aletewe nyama na habari. Wewe uliponiandikia kwamba humwamini mwingine, nilifurahi kama kijana. Nilitaka safari moja tu ya mwisho, iwe na maana, halafu ningekwambia mwenyewe. Nakuapia ningekwambia.

Ila kukaa katikati, hapana. Kusindikizwa kama mzee wa kupelekwa hospitali, wanawake wawili wakinipokezana, na Vonnie akinitazama wakati mimi siwezi kumtazama. Mimi si mzinga. Nendeni wenyewe. Fuateni nguzo za simu, mtafika.

Lindsay


Ceduna,
1 Mei 1978

Kaka,

Wewe unaogopa baraza. Mimi baraza sina, nyumba nimempangisha mwalimu na mbwa nimempa jirani. Tutapita kwa Vonnie asubuhi ya tarehe kumi na saba. Lori litasimama kwa muda wa mtu kupanda, basi.

Ukweli ni huu, na si wa kukupoza. Vonnie hajawahi kuvuka Alice Springs. Mimi sijawahi kuvuka Coober Pedy. Tuna macho manne mazima na hatujui kitu. Hilo vumbi la unga linaanzia wapi? Mto gani unavukwa upande wa kushoto, na upi unavukwa katikati? Tukipata pancha adhuhuri, kivuli kiko wapi, na maji? Nguzo za simu hazisemi.

Sikuombi uje ili nikuonee huruma. Huruma haina nafasi kwenye kebini ile, tutakuwa watatu tumebanana. Nakuomba kwa sababu bila wewe nyuki wangu watakufa njiani, na pamoja nao kila nilichoachiwa na Merv. Ulipokuwa na macho nilikuhitaji. Leo huna, na bado nakuhitaji. Ukitaka kukasirika, kasirika ukiwa ndani ya lori.

Njoo na godoro lako la kukunja, na yale mablanketi, usiku kuna baridi.

Mdogo wako,
Coralie


Pampu ya Kessell,
13 Mei 1978

Shoga, haraka haraka, ndege iko juu.

Hajajibu barua yako na hatajibu. Lakini leo kaletwa hapa na Clarrie, ndani ya greda, pamoja na godoro lake. Amenyoa ndevu. Amekaa juu ya dumu mbele ya pampu, na nikimuuliza anataka nini anasema anasubiri gari. Nimemwambia gari ni siku nne zijazo. Anasema amezoea kuwahi.

Nimempa chai na nyama ya kondoo. Endelea kujizoeza kulala.

Vonnie


Pampu ya Kessell,
25 Juni 1978

Shoga yangu Coralie,

Barua yako imefika, na alama ya kidole cha asali kwenye bahasha. Nimefurahi sana kusikia kwamba nyuki wametulia, matikiti yanashika, na Bwana Halloran anatembea kifua mbele kama ni yeye aliyeyachavusha. Ile mizinga michache tuliyoipoteza usiendelee kuililia. Tairi lilipopasuka kule mbele ya Renner Springs, jua utosini, mimi niliona ndiyo mwisho wetu. Wewe ulikuwa umeshika kichwa. Ni yeye aliyesema bila hata kunyanyua kofia, "Twendeni na hiyo rimu taratibu, baada ya mteremko kuna miti kushoto na tangi la kunyweshea ng'ombe nyuma yake." Na miti ikawepo, na tangi likawepo. Tungesimama pale tulipopasukiwa ungeshusha masanduku matupu Kununurra.

Sasa nikwambie yale ambayo hukuyasikia, maana ulikuwa unalala. Shoga, unakoroma.

Siku ya pili, kwenye ile nyika isiyo na mwisho, gari lilikuja mbele yetu. Mimi nikainua kidole, mazoea tu. Lindsay akauliza, "Uliinua?" Nikasema ndiyo. "Nani huyo?" Nikasema mgeni, simjui. Baadaye akasema, "Likija jingine, niambie likikaribia." Basi lilipokuja jingine nikasema, "Sasa." Akainua kidole chake, pale katikati, bila usukani. Yule dereva akamjibu, nami nikamwambia amejibu. Kuanzia hapo mpaka Katherine alimsalimu kila mtu, hata watalii waliodhani anawaonyesha ndege angani. Ulipoamka Katherine ukaniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikasema vumbi. Halikuwa vumbi.

Kurudi tumekuja polepole, tukilala njiani kama watu wenye pesa zao, kwa magari ya wale wasafirishaji wa ng'ombe aliowafahamu zamani, na mwisho kwa lori langu la maji, ambalo wilaya ilikuwa imelipeleka Coober Pedy nisipokuwepo. Amenisimulia kila jambo la mwaka ule aliokuwa kimya. Nami nimemwambia la kwangu, bila kunenepesha sauti. Ufunguo wa gari lake uko jikoni kwangu, kwenye msumari. Aliutundika mwenyewe asubuhi ile kabla hujafika. Jumapili anakuja kula. Clarrie atakuwa anamleta. Na usithubutu kuniita wifi. Nilishasikia unavyolitamka hilo neno kimoyomoyo tangu Tennant Creek.

La mwisho, halafu nikafungue pampu, kuna watu wananipigia honi.

Jana tunakaribia nyumbani, nimechoka, sisemi. Mbele yetu, katikati ya barabara, kasimama fahali mmoja mwekundu wa shamba la jirani, mkubwa, amelikabili lori. Nilipunguza mwendo. Kabla sijafungua mdomo, Lindsay kakaa wima, kainua kidole.

"Clarrie huyo na greda lake," akasema. "Nimemwona mwenyewe, Vonnie, wewe hukuniambia 'sasa'. Ameinua?"

Nilimtazama fahali. Fahali akanitazama, akatikisa sikio moja.

"Ameinua," nikasema.

Nikamzunguka kwa porini, nikamwambia Lindsay kwamba Clarrie ameichimba barabara tena. Akamtukana Clarrie kidogo, akaegemea kiti, akashusha kofia usoni, akalala mpaka nyumbani.

Vonnie